Shajara ya mradi: kupima hali ya kutozingatia upande baada ya kiharusi kwa uhalisia pepe, Lubumbashi

Machi

Kazi tuliyoianza mwezi huu hapa Lubumbashi ni kutengeneza kipimo cha uhalisia pepe, yaani mazingira ya kubuni yanayoonekana ndani ya miwani maalumu, kwa watu waliopata kiharusi na kubaki na hali ya kutozingatia upande mmoja wa mazingira yao, mara nyingi upande wa kushoto. Mgonjwa wa aina hii si kipofu. Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini umakini wake hauendi upande ule: anakula bukari iliyo upande wa kulia wa sahani na kusema chakula kimekwisha, ananyoa shavu moja, anagonga mlango kwa bega la kushoto kila anapopita, na mkono wake wa kushoto unaweza kubanwa na gurudumu la kiti bila yeye kushtuka. Hali hii hutokea zaidi pale kiharusi kinapoharibu nusu ya kulia ya ubongo, hasa eneo linalopata damu kutoka mshipa wa kati wa ubongo, pale sehemu ya juu kuelekea nyuma (parietali) inapokutana na ile ya ubavuni (temporali). Kiharusi cha nusu ya kushoto nacho kinaweza kumfanya mtu asizingatie upande wa kulia, ila kwa kawaida hali hiyo huwa nyepesi na hupita mapema zaidi.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ndilo linalojificha kuliko mengine yote wodini. Mkono uliopooza unaonekana na kila mtu, na ulimi mzito unasikika mara mgonjwa anapofungua kinywa, lakini upande uliopotea hauna dalili ya kutazamwa, na mwenyewe mara nyingi hajui kama ana tatizo. Madaktari wanaiita hali hiyo ya kutojua anosognosia. Mgonjwa asiyejua hawezi kulalamika, kwa hiyo daktari asipolitafuta tatizo kwa makusudi, linatoka hospitalini pamoja naye na kuonekana baadaye nyumbani, ambako familia hulichukulia kuwa ni uzembe au ukaidi. Wenye hali hii huanguka zaidi, hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na huchelewa kujitegemea kuliko wenzao waliopooza kwa kiwango kilekile.

Vipimo vya karatasi vipo, na hatuna nia ya kuvitupa. Mgonjwa anapewa mstari na kuambiwa aweke alama katikati. Mwenye hali hii huiweka kulia sana. Kipimo cha Albert cha mwaka 1973 kina mistari 40 iliyotawanywa kwenye ukurasa, na mgonjwa anatakiwa kuikata yote. Kipimo cha kengele, kilichochapishwa na Gauthier na wenzake mwaka 1989, kina kengele 35 zilizochanganywa na picha nyingine 280, na mtahini anafuatilia mgonjwa ameanzia wapi na amepita njia gani. Vipimo hivi havihitaji umeme, vinaingia kwenye bahasha, na mtu yeyote aliyefunzwa vizuri anaweza kuvitumia. Tutavifanya kwa kila mgonjwa kabla ya kumvalisha miwani, ili matokeo ya kipimo kipya yawe na kitu cha kulinganishwa nacho.

Hata hivyo, karatasi ina mipaka yake. Karatasi ya A4 iliyolazwa kwa upana, ikiwa sentimita 40 mbele ya macho, inachukua takriban digrii 41 tu za mazingira ya mgonjwa, wakati barabara anayorudi kuishi kando yake inaanzia bega moja hadi bega jingine. Katika chumba kimya, bila haraka, mgonjwa mwenye hali ya wastani anaweza kujikaza akatafuta kengele moja baada ya nyingine na kufaulu, kisha siku hiyohiyo akagonga meza korido nzima ikiwa wazi mbele yake. Philippe Azouvi na wenzake huko Ufaransa walionyesha mwaka 2002 kwamba kumtazama mgonjwa katika shughuli zake za kila siku, kwa kutumia mizani ya Catherine Bergego yenye mambo 10 yanayopewa alama kuanzia 0 hadi 3, kunagundua hali hii kuliko kipimo chochote kimoja cha karatasi. Sisi tunataka kitu kilicho kati ya hivyo viwili: kiwe na vipimo sahihi kama karatasi, na kiwe na mazingira mapana kama maisha.

Kuna na jambo la kalamu. Wengi wa wagonjwa wetu wazee, hasa akina mama waliotumia maisha yao sokoni na shambani, hawakuzoea kushika kalamu. Mtu aliyesoma shule huanza kutafuta kushoto kwa sababu ndiko kila mstari aliowahi kuusoma ulikoanzia. Asiyesoma hana mazoea hayo. Tukimpima mama huyo kwa viwango vilivyopatikana kwa watu wa Montréal au Paris, hatutajua kama kosa limetoka kwenye kiharusi au kwenye karatasi yenyewe.

Aprili

Kifaa tulichochagua ni miwani ya Quest 2, inayofanya kazi bila kuunganishwa na kompyuta. Ina uzito wa gramu 503, jambo ambalo si dogo kwa shingo ya mtu aliyelala kitandani majuma mawili. Haifuatilii mboni za macho, lakini inajua kichwa kimeelekea digrii ngapi, mara 72 kwa sekunde. Miwani za bei kubwa zinafuatilia macho pia, na utafiti mwingi mzuri umefanywa nazo. Tumeamua kuanza na kifaa ambacho hospitali ya hapa inaweza kukimudu na kukibadilisha kikiharibika. Programu yetu haitegemei intaneti, na betri inatosha kipindi cha asubuhi hata umeme ukikatika.

Miwani hii humwonyesha mtu takriban digrii 90 kwa wakati mmoja, ilhali mtu mzima anaona zaidi ya digrii 180 bila kugeuka. Mwanzoni tuliliona hilo kama upungufu. Sasa tunaliona kama sehemu ya kipimo, kwa maana mgonjwa hawezi kuona mazingira yote bila kugeuza kichwa, na kugeuza kichwa ndicho kitu tunachoweza kukipima vizuri.

Mandhari ya kwanza ni kibanda cha soko. Wenzetu walipiga picha na kuchukua vipimo vya meza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kisha mchoraji wetu akajenga meza ndefu iliyopinda mbele ya mgonjwa kutoka digrii 70 kushoto hadi digrii 70 kulia. Juu yake kuna mafungu ya lengalenga na sombe, kapenta kwenye ungo, vitunguu, unga kwenye vikombe vya kupimia, na nyanya zilizopangwa nnenne. Mgonjwa anaambiwa aguse kila fungu la nyanya kwa mwale unaotoka kwenye kishikizo cha mkono wa kulia. Msingi wake ni uleule wa kipimo cha kengele, ila nyanya zimesambaa katika nafasi pana, na hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya kutafuta nyanya mezani. Fungu lililoguswa halibadiliki rangi wala kutoweka. Tulijadiliana sana kuhusu hilo, kwa sababu vitu vinavyotoweka humsaidia mgonjwa: upande wa kulia ukishakuwa mtupu, jicho halina tena cha kulivuta huko, na hali hujificha.

Mandhari ya pili ni barabara, na hapa imebidi tuanze upya na mawazo yetu wenyewe. Wazo la kuvusha barabara si letu. Katz na wenzake nchini Israeli walichapisha mwaka 2005 kazi ya kuwafunza wagonjwa wa hali hii kuvuka barabara kwenye skrini ya kompyuta, na huko Marekani Laurel Buxbaum na wenzake walichapisha mwaka 2012 kipimo ambacho mgonjwa anapita kwenye njia ya kubuni akitaja vitu vilivyo pande zote mbili. Lakini barabara haisafirishwi kirahisi kutoka nchi moja hadi nyingine. Kongo tunaendesha magari upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mtu anayeshuka ukingoni kuvuka hukutana kwanza na magari yanayotoka kushoto kwake. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, mambo yanageuka, kwa sababu kule wanaendesha upande wa kushoto na hatari ya kwanza inatoka kulia. Mgonjwa yuleyule, mwenye kiharusi kilekile, yuko katika hatari tofauti kwa hatua yake ya kwanza kutegemea amesimama upande gani wa mpaka. Programu iliyotengenezwa kwa barabara za Uingereza ingempa mgonjwa wa Lubumbashi gari la kwanza kutoka kulia, analiona vizuri, na sisi tungeandika kwamba yuko salama.

Jambo jingine lilitoka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliye katika timu, mtu ambaye kila siku anawasindikiza wagonjwa hadi kituo cha basi. Magari mengi ya abiria hapa mjini yameletwa yametumika kutoka nchi zinazoendesha upande wa kushoto, na baadhi bado yana mlango wa abiria upande wa kushoto wa gari. Basi linaposimama ukingoni, abiria anashukia katikati ya barabara badala ya kwenye vumbi la kando. Akiwa amesimama mlangoni akitazama nje, magari yanayolipita basi kutoka nyuma yanatokea kushoto kwake. Hatukuwahi kuliona jambo hili katika maandishi yoyote ya kitaalamu tuliyoyasoma, na kwa mgonjwa wa hapa pengine ni la hatari kuliko kuvuka kwenyewe. Tumeliongeza kama mandhari ya tatu.

Katika mandhari zote za barabara, hakuna ajali inayoonyeshwa. Mgonjwa anabonyeza kitufe anapoliona gari, na anasema kama angepita au angesubiri. Akikosea, gari linapita mbali na skrini inafifia. Watu hawa wametoka kwenye tukio lililowatisha vya kutosha, na hatuoni faida yoyote ya kuwagongesha hata kwa picha.

Mei

Mwezi wote huu tumeutumia kwenye swali moja linaloonekana dogo: sifuri iko wapi? Kila pembe tunayoipima inahesabiwa kutoka mstari wa katikati. Tukisema nyanya iko digrii 50 kushoto, ni kushoto kwa nini? Programu nyingi za uhalisia pepe hutatua jambo hili kwa kumwambia mtumiaji atazame mbele na kubonyeza kitufe, kisha pale alipotazama panakuwa katikati ya ulimwengu. Kwa mchezaji mwenye afya utaratibu huo unafaa. Kwa mgonjwa wetu unaharibu kipimo kizima.

Sababu yake imejulikana siku nyingi. Kenneth Heilman na wenzake walionyesha mwaka 1983 kwamba mwenye hali hii akiambiwa aelekeze kidole mbele ya katikati ya kifua chake huku amefumba macho, kidole kinakwenda kulia. Hans-Otto Karnath na wenzake wameonyesha tena kwamba hata akikaa tu, bila kazi yoyote, macho na kichwa chake huelekea kulia. Maana yake ni kwamba “mbele” ya mgonjwa huyu imehama. Tukimwachia aichague sifuri mwenyewe, mandhari yote itasogea kulia pamoja naye, nyanya za kushoto zitakuja mahali anapoweza kuziona, na ugonjwa utakuwa umefutwa na kitufe kimoja kabla kipimo hakijaanza.

Kwa hiyo sifuri yetu inatoka kwenye kiti. Tumechora mstari wa rangi sakafuni, kiti chenye mgongo ulionyooka kinakaa juu ya mstari huo, na kabla ya mgonjwa kuvaa miwani tunaiweka kwenye kishikio cha mbao kilichofungwa katikati ya mgongo wa kiti na kuweka sifuri pale. Kisha mgonjwa anakalishwa, makalio yakiwa sawa kitini, kifua kikishikiliwa na mkanda mpana wa kitambaa ili kiwiliwili kisizunguke, na mto mdogo ubavuni mwa upande uliopooza. Mtaalamu wa tiba ya viungo anahakikisha mabega yanatazama ukuta wa mbele. Kazi hii inachukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe cha nyanya, na mtu anayetazama anaweza kuona tunapoteza wakati. Binafsi nadhani ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika mradi huu, na yeyote atakayetumia programu hii baada yetu akiiruka, namba zake hazitakuwa na maana.

Faida ya pili ya utaratibu huo imejitokeza yenyewe. Sasa tunaweza kupima, kabla ya kazi yoyote kuanza, mgonjwa anaelekeza kichwa wapi anapokaa ndani ya mandhari tupu yenye anga na ardhi tu. Pembe hiyo ya mapumziko imekuwa kipimo chetu cha kwanza, na haihitaji mgonjwa aelewe maelekezo yoyote.

Juni

Baridi ya kiangazi imeingia, na tumeanza na watu wenye afya. Wengi wao ni walinzi wa wagonjwa: binti, shemeji, mume, mjukuu, wale wanaolala kwenye mikeka kando ya kitanda na kupika kwa mbabula uani. Tunawahitaji kwa sababu hatuwezi kusema mgonjwa amekosa kabla ya kujua watu wa hapa, wa umri wake na elimu yake, wanafanyaje. Watu wenye afya nao hawako katikati kabisa. Imejulikana tangu kazi ya Bowers na Heilman ya mwaka 1980 kwamba mtu wa kawaida, akitafuta katikati ya mstari, hupotoka kidogo kuelekea kushoto. Kwa hiyo tunakusanya watu waliosoma na wasiosoma, vijana na wazee, na kuandika kwa kila mmoja alianza kutafuta upande gani.

Mambo madogo ya mwili yamechukua nafasi kubwa. Mikanda ya miwani haikai vizuri juu ya kilemba cha kitenge wala juu ya misuko minene, na hatukuona kuwa ni heshima kumwambia mama mzee afungue kichwa mbele ya wageni. Fundi cherehani ametutengenezea mkanda mpana unaopita chini ya kisogo, na wagonjwa wa kike wanavalishwa na muuguzi wa kike. Sehemu inayogusa uso inafutwa kwa spiriti na kufunikwa kwa kitambaa kipya kila mara. Mandhari hayasogei mgonjwa akiwa amekaa, kwa sababu ulimwengu unaotembea huku mwili umetulia huleta kichefuchefu; kinachosogea ni magari tu. Aliyewahi kupata kifafa hapimwi kwa miwani.

Kuhusu ridhaa, tumekubaliana kwamba sahihi ya mgonjwa peke yake haitoshi. Mtu asiyejua kwamba ana tatizo anaweza kukubali au kukataa kwa sababu isiyohusiana na jambo lenyewe. Tunaeleza mbele ya familia, kwa Kiswahili cha hapa na si kwa Kifaransa cha fomu, na mgonjwa akisema “imetosha” katikati ya kipimo, kipimo kinasimama palepale.

Mgonjwa wa kwanza kutufunza kitu alikuwa mama aliyefanya kipimo cha kengele vizuri, akiacha chache sana upande wa kushoto. Kwa karatasi tungemwandika kuwa na hali nyepesi isiyostahili wasiwasi. Kwenye kibanda cha soko alianzia upande wa kulia, akagusa nyanya moja baada ya nyingine kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi hiyo, akafika karibu na katikati, kisha akarudi kulia na kuanza kugusa zilezile tena. Binti yake, aliyekuwa akitazama kwenye skrini ya simu, hakuweza kujizuia. “Mama, uangalie na huku,” akamwambia, akiwa amesimama kushoto kwake. Yule mama akageuza kichwa kulia, kana kwamba sauti imetokea huko, akajibu kwa upole, “Nimeangalia yote, mwanangu. Zimeisha.” Rekodi ya kichwa ilionyesha kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hakuwahi kuvuka mstari wa sifuri kwenda kushoto ila kwa muda mfupi sana.

Tangu siku hiyo wasindikizaji wanakaa nyuma ya kiti, sawasawa na mstari wa sifuri, na wanaombwa wasiseme neno. Lakini pia binti yule aliuliza swali ambalo sasa tumeliandika kwenye fomu ya kila familia: akimwekea mama yake kikombe cha maji, akiweke wapi? Jibu la usalama ni kulia, ili anywe; jibu la mazoezi ni kushoto kidogo, ndani ya pembe anayoweza kufika akisaidiwa, na rekodi ya miwani inaweza kuionyesha pembe hiyo. Sikutarajia kwamba kipimo kingetumika kwa kitu cha karibu namna hiyo, na nimefurahi.

Mwezi huu tumeanza pia kutenganisha hali hii na upungufu wa nusu ya uwanja wa kuona, yaani hemianopia, ambayo nayo huletwa na kiharusi na ambayo kwa karatasi inaweza kufanana nayo. Mwenye hemianopia ya kushoto amepoteza kuona, lakini anajua kwamba upande upo, kwa hiyo anageuza kichwa kwa nguvu kuutafuta, mara nyingi kupita kiasi. Mwenye kutozingatia hageuzi. Kwenye grafu ya mwendo wa kichwa watu hawa wawili wako mbali sana, hata pale wanapoacha idadi ileile ya nyanya. Wapo wenye yote mawili, na kwao grafu peke yake haitoshi. Bado tunamtegemea daktari wa macho na picha ya skana.

Julai

Tumeongeza tofauti ya karibu na mbali. Mwaka 1991 Peter Halligan na John Marshall walimweleza mgonjwa aliyekosea sana kugawa mstari uliokuwa karibu na mkono wake, lakini mstari ulipowekwa mbali, kosa lilipungua mno. Watafiti wengine wamewaeleza wagonjwa wa kinyume chake, wanaofanya vizuri karibu na vibaya mbali. Karatasi mezani haiwezi kumkamata mgonjwa wa aina hii ya pili, na huyo ndiye anayeweza kutoka hospitalini akiwa na alama nzuri na kukutana na lori la madini kwenye barabara ya Kasenga. Ndani ya miwani tunaweza kuisogeza meza ya soko kutoka sentimita 60 hadi mita 3 na kuikuza kwa kipimo kilekile, ili kila fungu libaki na upana uleule wa pembe machoni. Kwa vitu halisi kufanya hivyo ni kazi ngumu; kwa programu ni mstari mmoja wa msimbo. Kishikizo kinatoa mwale kwa umbali wote, ili mkono ufanye kazi moja karibu na mbali.

Jambo lililotugawa ni sauti. Kundi moja lilitaka barabara iwe na kelele zake zote, honi, injini, makonda wanaoita abiria, kwa sababu barabara isiyo na sauti haipo Lubumbashi. Kundi jingine, nami nikiwemo, lilikumbusha kwamba Robertson na wenzake walionyesha mwaka 1998 kuwa sauti ya ghafla inaweza kupunguza hali hii kwa muda, kwa kuuamsha ubongo kwa jumla, hata kama sauti yenyewe haielekezi upande wowote. Honi ikilia kila mara, tutapima mgonjwa aliyeamshwa na si mgonjwa alivyo. Tumekubaliana kila mandhari ya barabara ifanyike mara mbili, kimya kwanza na sauti baadaye. Ikiwa mgonjwa anapata nafuu kubwa kwa sauti, hilo nalo ni habari njema kwa mtu atakayemfanyisha mazoezi.

Kwa alama za kibanda tunatumia wastani wa mahali pa vitu vilivyoguswa, njia iliyopendekezwa na Chris Rorden na Karnath mwaka 2010. Fungu la kushoto kabisa linahesabiwa kuwa -1, la kulia kabisa +1, na mengine kati yao kulingana na pembe. Aliyegusa yote, na vilevile aliyeacha machache hapa na pale bila upande maalumu, hukaribia 0. Aliyeishia kulia hukaribia 1. Namba hii inatufaa kwa sababu inamtenga mgonjwa aliyechoka, ambaye huacha vitu pande zote, na yule aliyepoteza upande. Tunaiweka kando ya namba nyingine mbili: pembe ya mapumziko, na sehemu ya muda ambao kichwa kilikuwa kushoto kwa sifuri. Hatujajumlisha namba hizo tatu kuwa alama moja, na mimi napinga zijumlishwe. Daktari anayepokea alama moja ataisoma kwa haraka na kumwandika mgonjwa “mzuri” au “mbaya”, na ile tofauti kati ya anayekosa karibu na anayekosa mbali itapotea tena.

Mwishoni mwa mwezi mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alitupa jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliandika mwaka 1978 kuhusu wagonjwa wawili wa Milan walioombwa kukumbuka uwanja wa kanisa kuu la mji wao: wakijiona wamelitazama kanisa, walitaja majengo ya kulia tu, wakijiona wamesimama mlangoni mwa kanisa na kutazama upande wa pili, walitaja yale waliyoyaacha mwanzo. Mzee huyu, bila sisi kumwuliza, alianza kutusimulia njia yake ya zamani kutoka Kasumbalesa kuingia mjini, kituo baada ya kituo. Tulimwomba asimulie safari ya kutoka mjini kwenda mpakani, na mahali kadhaa ambapo hakuwahi kupataja sasa pakatokea, na vile alivyovitaja kwanza vikakosekana. Hatukuwa na ramani ya kuhakiki kila alichosema, kwa hiyo hatuliandiki kama tokeo. Ila linatosha kutuonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa upande umepotea hadi ndani ya kumbukumbu, mahali ambapo miwani haiwezi kufika, na kwamba swali la mdomo kuhusu njia anayoijua mgonjwa linastahili kubaki kwenye fomu yetu.

Kazi ya Agosti imepangwa hivi. Mtahini wa pili, ambaye hajaona matokeo ya karatasi, ataweka kiti na sifuri kwa wagonjwa waliokwisha kupimwa, ili tujue namba zinabadilika kiasi gani mkono wa mtahini ukibadilika. Mchoraji atamaliza mandhari ya mlango wa basi, ambayo bado ina kivuli kinachochanganya gari na ukuta. Wauguzi wawili watafundishwa kutumia mizani ya Catherine Bergego wodini, kwa sababu bila kujua mgonjwa anaishije nje ya miwani hatutaweza kusema kama kibanda chetu cha nyanya kinatabiri chochote. Na orodha ya watu wenye afya bado imepungukiwa na akina baba wazee wasiosoma. Tutawatafuta katika mitaa ya Katuba na Ruashi kupitia familia ambazo tayari zinatufahamu.